Nani Atahifadhi Sauti ya Msimulizi wa Sinema?

Ninayo rekodi ya dakika kumi na moja ndani ya simu yangu. Niliichukua mwaka 2017, nikiwa bado mwanafunzi wa sekondari, katika nyumba ya video iliyokuwa karibu na soko la Lubutu. Picha haionekani vizuri, maana nilikaa nyuma na mbele yangu kulikuwa na vichwa vya watu. Vinavyosikika ni vitu vitatu: jenereta, watu wanaocheka, na sauti ya baba yangu mdogo akisimulia filamu ya karate ya Hong Kong ambayo jina lake silijui mpaka leo. Baba mdogo alifariki mwaka 2020. Nyumba ile ya video sasa ni mahali pa kuchajia simu na kuuzia mega za intaneti.

Sikuwahi kufikiri kwamba rekodi hiyo ni kitu cha maana hadi mwaka jana, katika semina moja ya kitivo chetu. Mwalimu mmoja, ambaye namheshimu na ndiyo sababu simtaji, alileta mada ya kuhifadhi kumbi za kale za sinema. Alituonyesha picha za jengo la Majestic la Zanzibar, akatueleza historia yake, akasikitika nasi tukasikitika. Nilipouliza habari ya kwetu Maniema alinijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, Lubutu haikuwa na sinema. Huwezi kuhifadhi kitu ambacho hakikuwepo." Darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini jibu lile lilinikaa rohoni kama mwiba wa samaki, na makala hii ni jaribio langu la kuutoa.

Nianze na Majestic yenyewe, kwa sababu sitaki mtu adhani kwamba ninaidharau. Ukumbi wa kwanza pale Vuga, uliojulikana kama Royal, ulifunguliwa mwaka 1921 kwa ramani ya J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa pia msanifu wa majengo. Uliungua mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mahali pake pakajengwa Majestic, iliyofunguliwa mwaka 1955, kazi ya msanifu Dayalji Pitamber Sachania. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini orodha haikuzuia paa la Majestic kuharibika. Leo wako watu Zanzibar wanaopigania jengo hilo lirudi kuwa sinema, na mimi nawaombea wafaulu.

Anayetaka kujua kumbi hizo zilikuwa na maana gani kwa watu wa pwani asome kitabu cha mwanahistoria Laura Fair, *Reel Pleasures*, kilichotoka mwaka 2018. Fair hakuishia kwenye milango na viti. Alikaa na wazee, akawauliza walivaa nini Jumapili walipokwenda kutazama picha ya Kihindi, walilia wapi, na walirudi nyumbani wakizungumza nini. Anaeleza jinsi wafanyabiashara wazaliwa wa Afrika Mashariki, wengi wao wenye asili ya Kihindi, walivyojenga kumbi ambamo watu wa kila rangi waliingia kwa mlango mmoja, ingawa bei za viti zilitofautiana. Anaeleza jinsi *Awara* ya Raj Kapoor, filamu ya mwaka 1951, ilivyogeuka kuwa mali ya vizazi kadhaa. Kwa sisi wa lugha kuna jambo la ziada: nyimbo za filamu hizo ziliingia katika taarabu. Wanamuziki walichukua muziki wa Bombay wakauvika maneno ya Kiswahili, na mtu aliyetoka sinema usiku aliweza kuisikia filamu ileile arusini, safari hii kwa lugha yake.

Jinsi kumbi hizo zilivyokufa mnajua, na haihitaji maneno mengi. Televisheni ilifika Zanzibar mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania bara ilisubiri hadi 1994. Zikaja kaseti za video, uchumi ukabana, filamu mpya zikawa ghali kuagiza. Dar es Salaam ilikuwa na sinema ya kutazamia ndani ya gari tangu mwaka 1966, na kiwanja chake leo kina ubalozi wa Marekani. Nairobi wana mzunguko wa barabara unaoitwa Globe, na nadhani vijana wengi wanaoshuka matatu pale hawajui kwamba Globe lilikuwa jina la sinema. Kinshasa, kumbi nyingi ziligeuka makanisa. Sioni aibu katika hilo. Ukumbi wenye viti na jukwaa, uliokwisha kukosa filamu, mchungaji angeuacha kwa nini?

Sasa turudi kwetu. Mwalimu alisema kweli: Lubutu haikuwa na jengo. Lakini swali ni kwa nini haikuwa nalo, na jibu lake linabadilisha maana ya neno "hifadhi" katika nchi hii.

Katika Kongo ya Wabelgiji, sinema haikuwa mahali ambapo Mwafrika angekata tiketi na kuingia tu. Kuanzia miaka ya 1930 serikali ya koloni ilidhibiti filamu ambazo Mkongomani aliruhusiwa kutazama, na kumbi za mjini zilikuwa za Wazungu. Mwafrika alitengenezewa filamu zake pembeni, na mafundi wakubwa wa kazi hiyo walikuwa wamisionari. Bukavu kulikuwa na Africa Films ya Mapadri Weupe. Kasai, katika miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba, vilivyozunguka kutoka misheni hadi misheni. Filamu hizo zilionyeshwa kwenye shuka au ukuta, nje, usiku, kwa jenereta. Na karibu na mashine alisimama mtu wa kueleza kwa lugha ya wenyeji kile kinachoonekana.

Koko yangu mzaa mama alikuwa akituhadithia usiku wa namna hiyo, uwanjani kwa misheni, alipokuwa msichana mdogo. Filamu yenyewe alikuwa amekwisha kuisahau. Alikumbuka tu kwamba ilihusu kunawa mikono. Aliyemkumbuka ni katekista aliyekuwa akieleza. Padri alisema jambo moja kwa Kifaransa, katekista akasema mambo matano kwa Kikumu na Kiswahili, na watu wakacheka mahali ambapo Padri hakutegemea kicheko. "Padri aliangaliaka nyuma," koko alikuwa akisema, "akaona kama mashine imeharibika."

Kwa hiyo tangu mwanzo, sinema yetu haikuwa jengo. Ilikuwa shuka, jenereta na mdomo wa mtu. Tukija na kipimo cha Zanzibar, tukatafuta matao na nguzo za mwaka 1921, bila shaka tutasema Lubutu haina kitu. Ni kama mtu anayetafuta fasihi ya Wakumu kwenye rafu ya vitabu, asiikute, akaandika kwamba Wakumu hawana fasihi. Kosa hilo la pili tumelikataa katika kitivo hiki tangu mwaka wa kwanza wa masomo. La kwanza bado tunalifanya.

Kuna ushahidi mwingine, nao ni wa lugha kabisa. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville walipenda mno filamu za kauboi. Walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa kama wachunga ng'ombe wa Texas, wakagawana mitaa. Wakatengeneza na msimbo wao, ambao ukaja kuitwa Hindubill, au Indoubil: Bill wa filamu za Kimarekani, na Hindu, ambalo kwa maelezo ya kawaida limetoka kwenye filamu za Kihindi. Fikirini kidogo jambo hilo. Lugha ya vijana wa Kongo imebeba ndani ya jina lake orodha ya filamu zilizokuwa zikionyeshwa mjini.

Na haikubaki Kinshasa. Mwaka 1988 Didier Goyvaerts alichapisha katika jarida la *Language in Society* utafiti wake kuhusu Indoubil ya Bukavu, ambako msingi wa sarufi ulikuwa Kiswahili. Wengi wetu tumeisoma makala hiyo kwa ajili ya mtihani wa isimujamii. Tumejifunza humo kuchanganya msimbo, utambulisho, vijana wa mjini. Sikumbuki hata mmoja wetu akiuliza: vijana hao walikuwa wakitazama filamu gani, wapi, na nani alikuwa akiwaeleza? Tumesoma majani tukasahau kuuliza habari za mti. Waliokuwa vijana wakati huo ni wazee sasa, na kila mwaka wanapungua.

Sinema iliacha maneno hata kwa sisi tusioijua. Mtu akigombana sokoni kwa makelele tunasema anafanya sinema. Shujaa wa filamu kwetu ni akteri, na akteri hafi. Tanzania wanamwita stelingi, naye pia hafi. Mwenzangu mmoja kutoka Uvira aliniambia kwamba kwao waliwahi kubishana jioni nzima kama mtu anaweza kuwa akteri halafu afe, na waliofungua ubishi huo walikuwa wakizungumzia mwanasiasa.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi kuliko la majengo. Eneo letu limepigwa filamu na wageni mara kadhaa, na filamu hizo hazijarudi.

Mwaka 1951 John Huston alileta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn katika mto Ruiki, karibu na Biondo, upande wa Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Walikuja kutengeneza *The African Queen*. Hadithi ya filamu hiyo ni ya mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, kwa hiyo msitu wetu ulipewa kazi ya kuigiza kuwa Tanganyika. Kikundi kiliugua, mashua ilizama ikavutwa tena juu, na Hepburn akaandika kitabu kizima kuhusu mateso yake, kilichotoka mwaka 1987. Bogart alipata Oscar. Miaka saba baada ya Huston, Audrey Hepburn (Hepburn wawili, na si ndugu) alikuja Stanleyville na Yakusu kwa ajili ya *The Nun's Story*, iliyotoka mwaka 1959. Halafu mwaka 1997 Hubert Sauper akapita kwenye njia ya reli iliyo kusini ya Kisangani akiwapiga picha wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wakifa msituni. Filamu yake, *Kisangani Diary*, ilitoka mwaka uliofuata. Baadhi ya watu hao walikuwa wamepita kwetu, Tingi-Tingi, kilometa chache tu kutoka mahali nilipozaliwa.

Filamu tatu, zote kuzunguka reli moja na mto mmoja. Nimezunguka nikiuliza, na Lubutu sijapata mtu hata mmoja aliyetazama moja kati ya hizo tatu.

Wakati huohuo *The African Queen* imehifadhiwa vizuri sana. Ilipigwa kwa Technicolor, mtindo wa kugawa rangi katika mikanda mitatu inayokwenda pamoja ndani ya kamera moja. Miaka ikipita kila mkanda husinyaa kwa kiwango chake, rangi haziketi tena moja juu ya nyingine, na nyuso huanza kuwa na kivuli chekundu au cha kijani pembeni. Mafundi waliichukua mikanda hiyo, wakailinganisha upya picha kwa picha kwa kompyuta, na mwaka 2010 filamu ikatolewa tena, safi kuliko ilivyokuwa kwa miaka mingi. Sina ugomvi nao. Kazi ile ni ya heshima. Lakini majani ya Ruiki sasa yana rangi yake halisi London na Los Angeles, na mjukuu wa mtu aliyebeba masanduku ya kamera pale Biondo hajawahi kuyaona.

Ni vilevile kwa filamu za koloni. Mikanda iko Brussels, katika Cinematek; iko Tervuren; zile za misheni ziko Leuven, katika hifadhi ya KADOC. Mwaka 2010 Cinematek ilitoa diski za filamu za Gérard De Boe, André Cauvin na Ernest Genval. Cauvin ndiye aliyetengeneza *Bwana Kitoko*, filamu ya safari ya mfalme Baudouin katika Kongo mwaka 1955. Jina hilo peke yake lingetosha kwa somo la saa mbili katika kitivo chetu: *bwana* ya Kiswahili na *kitoko* ya Kilingala, zimefungishwa ndoa kwa ajili ya Mbelgiji. Inasimuliwa kwamba watu walikuwa wakisema *mwana kitoko*, mtoto mzuri, na kwamba wakubwa hawakupenda mfalme aitwe mtoto. Konsonanti moja, na mtoto anakuwa bwana. Mnaona jinsi filamu za zamani zilivyo mali yetu, sisi wa fonolojia na semantiki, kuliko tunavyokubali?

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nimekwisha kulisikia kwenye veranda ya maktaba. Filamu za koloni zilikuwa propaganda. Kauboi aliwafundisha vijana ngumi. Karate ya Hong Kong haituhusu. Kwa nini tulilie vitu vya watu?

Jibu langu ni kwamba silii kwa ajili ya filamu. Nalia kwa ajili ya kile ambacho watu walizifanyia. Katekista wa koko alichukua somo la kunawa mikono akalifanya kichekesho. Baba mdogo alichukua filamu ya Kichina iliyokwisha kutiwa sauti ya Kifaransa kibaya, akaifanya habari ya Lubutu. Mtu mbaya katika filamu alipewa cheo cha askari ambaye kila mtu aliyekuwa ndani ya nyumba ile alimjua. Mto ulikuwa Lowa. Mvua ikinyesha kwenye filamu alihamia Kikumu, sijui kwa nini, na nilipomuuliza hata yeye hakujua kwamba anafanya hivyo.

Katika zile dakika kumi na moja, shujaa anaanguka majini na baba mdogo anasema: "Muangalie huyu! Anazani maji ya mutoni ni ya bibi yake." Watu wanacheka, mzee mmoja anajibu kutoka nyuma kwamba mtoni hakuna bibi wa mtu, baba mdogo anamjibu yule mzee, na filamu inaendelea peke yake kwa muda. Nimejaribu kuandika mazungumzo hayo kwa alama tulizofundishwa. Ni kazi ngumu. Haya si maneno ya mtu mmoja, na si tafsiri. Ni watu kumi wanaozungumza na ukuta, na ukuta unaendelea kupigana.

Nimeona pia kitu ambacho ningependa mtu mwenye ujuzi kuliko mimi akichunguze. Jambo linaloonekana kwenye skrini analisema kwa *-na-*: *anakuya, anapiga, anaanguka*. Jambo lililotokea kabla, ambalo hatukuliona, analisema kwa *-aka* ya kwetu: *huyu ndiye alimuuaka baba yake*. Katika vitabu vya sarufi *-aka* hiyo hutajwa haraka, kama kasoro ya Kiswahili cha Kongo, au kama mkopo tu. Kwa baba mdogo ilikuwa na kazi: ilitenga kinachoonekana na kinachosadikiwa. Dakika kumi na moja hazitoshi kuthibitisha. Saa mia moja zingetosha, na saa hizo zilikuwepo, kila jioni, kwa miaka zaidi ya kumi, na hakuna aliyebonyeza kitufe.

Wenzetu wameanza kuona. Tanzania palikuwa na Lufufu, aliyetia sauti yake ya Kiswahili kwenye kaseti za filamu za kigeni, na Matthias Krings, Mjerumani, ameandika juu yake katika kitabu cha mwaka 2015. Kenya wana DJ Afro, ambaye watu wengi wanamtambua kwa sauti kabla ya kujua filamu ni ipi. Kampala mavijei wana majina makubwa kuliko waigizaji. Kongo mashariki tuna wasimulizi wa namna hiyo kila mahali palipokuwa na jenereta na televisheni, kutoka Walikale mpaka Kindu, na sijaona hata tasnifu moja juu yao katika maktaba yetu. Nilipopendekeza mada hiyo kwa kazi yangu ya mwisho, niliambiwa kwamba lugha ya nyumba ya video "haina hadhi ya kisayansi," nikashauriwa nirudi kwenye ngeli za Kikumu. Ngeli za Kikumu nazipenda. Lakini ngeli za Kikumu zitakuwepo mwaka kesho.

Nisijifanye kwamba kila kitu kilikuwa kizuri katika nyumba ile. Filamu zilikuwa za wizi. Hakuna aliyemlipa mwenyewe. Baba mdogo alidanganya bila haya: esansi ikikaribia kuisha aliwaua maadui wote kwa maneno, akatuambia filamu imekwisha, twende tukalale. Matusi yake juu ya wanawake wa kwenye filamu siwezi kuyaandika katika jarida la kitivo. Dada yangu hakuruhusiwa kuingia hata siku moja, na nilipomwambia kwamba naandika makala hii alisema, "Andika pia kwamba mimi nilisikiliza kutoka nje, kwenye dirisha." Nimeandika. Pwani, kwa maelezo ya Fair, kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na mimi naona hapo Zanzibar ilitushinda vibaya. Atakayehifadhi sauti hizi ahifadhi na aibu yake. Tukisafisha tutakuwa tumefanya kile ambacho Padri angependa katekista afanye.

Basi nataka nini? Nitasema mambo ninayoweza kuyasimamia mwenyewe.

Kwanza, idara ikubali kwamba usimulizi wa filamu ni data. Tuna vinasa sauti viwili kabatini ambavyo hutoka mara moja kwa mwaka kwa ajili ya hadithi za wazee. Hadithi za wazee ni muhimu, lakini wasimulizi wa video nao wamekuwa wazee. Wale walioanza wakati wa kaseti za VHS wana miaka sitini sasa. Wengine wana kaseti zao wenyewe chini ya kitanda, zinaliwa na unyevu. Mkanda wa sumaku katika joto na mvua za kwetu hauna maisha marefu, na hata ukiwa mzima, mashine ya kuuchezesha ni shida kuipata.

Pili, tuandike barua Brussels na Leuven, kwa jina la kitivo, kuomba nakala za kidijitali za filamu zilizopigwa Maniema na Mkoa wa Mashariki wa zamani. Tusiombe kama maskini anayeomba msaada. Sisi tunazo lugha ambazo wao hawanazo: wanaweza kutazama mdomo wa mtu wa 1955 ukitembea bila kujua alichosema. Tubadilishane. Mradi wa kurekebisha filamu hamsini za Afrika ulianzishwa mwaka 2017 na Film Foundation ya Martin Scorsese, FEPACI na UNESCO, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa kwamba Waafrika wanataka filamu zao. Dieudo Hamadi wa Kisangani alifika katika uteuzi rasmi wa Cannes mwaka 2020 kwa filamu juu ya waathirika wa Vita vya Siku Sita. Hatuwezi kusema mkoa wetu haujui sinema.

Tatu, na hili ndilo ninalolitamani kuliko yote, tuionyeshe *The African Queen* Ubundu, kisha Lubutu. Kwa haki, kwa ruhusa ya wenyewe, maana sitaki wizi wa baba mdogo uendelee kwa jina la chuo. Kinachohitajika ni projekta moja ambayo kitivo kinayo, shuka nyeupe, jenereta, esansi, na pikipiki tatu kwa barabara ile. Asiwepo mtu wa kutia maandishi chini ya picha. Asimame msimulizi, mwanaume upande mmoja na mwanamke upande mwingine, kwa Kiswahili cha kwetu na kwa Kikumu, na vile vinasa sauti viwili viwe vinafanya kazi tangu mtu wa kwanza anapokaa chini. Nataka kusikia wataamua kumwita Bogart nani. Nataka kujua kama watakubali kwamba msitu ule ni Tanganyika.

Mwalimu wangu wa semina amekwisha kusoma rasimu ya makala hii. Hakubaliani na nusu yake, na amenipa ruhusa ya kusema hivyo. Amesema pia kwamba alipokuwa mtoto, huko kwao Kasongo, kulikuwa na mtu aliyekuwa akieleza filamu kwa megafoni, na kwamba alikuwa hajamfikiria mtu huyo kwa miaka arobaini. Nilimwomba akae nami nusu saa nimrekodi. Tumepanga Jumatano.

Rekodi ya baba mdogo nimeiweka katika flashi mbili, moja iko kwa katibu wa idara. Anayemjua msimulizi wa video aliye hai, mahali popote kati ya Walikale na Ubundu, anitafute kabla ya likizo. Nitapita huko na pikipiki kuanzia wiki ya pili.